Wale si korongo: ndege weusi-weupe wa Msimbati na mtoto wao asiyejua kula kaa

MWALIMU WA PWANI
Habari za jioni wana jukwaa. Juzi kijiweni hapa Msimbati, Mtwara, tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Ubishi ulikuwa juu ya wale ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaoanza kuonekana ufukweni mwezi wa nane, miguu mirefu ya rangi ya majivu, mdomo mweusi mnene ungedhani kisu cha kubangulia korosho. Fundi baiskeli kasema korongo. Muuza kahawa kasema yangeyange aliyepakwa masizi. Mimi nilinyamaza, maana kuna jambo nililiona Jumamosi na nilitaka kulieleza nikiwa nimetulia, si pale penye kelele za bao.

Jumamosi ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikupwa mpaka majani ya bahari yakalala chini kama nywele zilizolowa. Nilikuwa natembea kuelekea Ruvula, nikawakuta kama arobaini hivi kwenye fungu, ule mchanga unaoibuka maji yakitoka. Mmoja akakimbia hatua nne tano, akasimama ghafla, akadonoa mara moja: kaa. Akamtikisa mpaka miguu miwili ikadondoka. Nikajua anammeza. Wapi! Akatembea naye hadi kwa mwenzake mwenye mgongo wa kijivu, aliyekuwa ameinamisha shingo na kupiga mluzi mwembamba, filimbi iliyoingia mchanga. Akampa. Yule wa kijivu akamwangusha, kaa akakimbilia majini, mkubwa akamfukuza, akamkamata, akampa tena. Mara ya tatu ndipo kaa akaliwa. Na huyo anayelishwa ana urefu uleule wa anayemlisha!

Nikarudi nyumbani nikasoma usiku mzima. Wataalamu wanamwita Dromas ardeola. Ana urefu wa kama sentimita 40, na katika ukoo wake wa kisayansi yuko peke yake, hana ndugu wala binamu. Mimi nitamwita mla-kaa, maana hapa kwetu kila ndege wa ufukweni mwenye miguu myembamba ni kitwitwi tu. Hazalii hapa. Anazalia visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu upande wa Eritrea hadi Somalia. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka visiwa vya Dahlak kule Eritrea mpaka hapa Msimbati ni karibu kilomita 2,900. Kutoka Ghuba ni zaidi ya 4,000. Na safari yote hiyo wamekuja na mtoto, wamefika, na bado wanamlisha.

Ndege wangapi mnawajua wanaofanya hivyo? Na wazee wa pwani, huyu mlikuwa mnamwitaje?

KIJANA WA MAGOMENI MTWARA
Picha iko wapi mkuu? Uzi bila picha ni hadithi ya sungura.

Halafu mtoto mwenye urefu wa baba yake anayelishwa na bado anaangusha chakula, kwetu tunaye. Ana miaka 29 na diploma.

MWALIMU WA PWANI
Simu yangu kioo kimepasuka, picha imetoka nukta nyeusi kumi kwenye mchanga. Nikiiweka mtasema ni kokoto.

MSUKUMA JEMBE
Ngoja niwasaidie hapo kwenye korongo, mimi nimekulia Rukwa na nimehamia Masasi kikazi. Tatizo ni kwamba Kiswahili kimempa jina hilo kila ndege mrefu. Kongoti anaitwa korongo, korongo mwenyewe anaitwa korongo, na lile bonde lililochimbwa na mvua nalo korongo. Ukisema "nimeona korongo" mtu anaweza kukuuliza lina kina gani.

Korongo wa kweli duniani wako aina 15. Kwetu Tanzania kuna korongo taji, yule mwenye kofia ya nywele za dhahabu ambaye Uganda wamemweka kwenye bendera yao, na yupo mwingine mkubwa zaidi mwenye ndevu mbili za ngozi zinazoning'inia chini ya kidevu. Huyo wa ndevu ni wa kutafuta kwa tochi: Malagarasi, na kidogo nyanda za juu kusini. Wote wawili ni wa majani na maji baridi. Huwezi kumkuta korongo taji anakimbiza kaa kwenye maji ya chumvi.

Korongo taji nimemwona nikiwa mdogo shambani kwa babu. Jike na dume wanacheza, wanaruka juu, wanainamishiana vichwa, wanaokota kijiti na kukirusha. Babu alikuwa anatukataza kuwarushia mawe, anasema hao ni mke na mume, ukiua mmoja umeacha mjane. Kiota wanatengeneza ndani ya kinamasi, majani yamelundikwa juu ya maji, mayai mawili au matatu. Kinamasi kikilimwa hakuna kiota, habari imeisha. Tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Kuna vinamasi vilivyolimwa, kuna sumu za mashambani, na kuna wanaokamata makinda kuuza kwa matajiri wa kufuga bustanini.

Kuhama kwake si kwa kuvuka bahari. Anafuata mvua, kinamasi kikikauka anakwenda kingine. Wa ndevu ndiyo zaidi, yeye anasubiri mafuriko yaanze kupungua ndipo anataga, ili kinda akue maji yanapoondoka na chakula kipo wazi. Hapo ng'ambo Msumbiji, kwenye delta ya Zambezi, tangu bwawa la Cahora Bassa lianze kujazwa 1974 mafuriko yalipoteza ratiba, na ndege akapoteza kalenda.

MZEE WA MIKINDANI
Salaam wanangu. Nimevua miaka mingi kabla ya magoti kunikatalia. Huyo ndege tulimwona sana. Jina maalumu silikumbuki, tulisema "wale wa Arabuni" kwa sababu ya kile kilemba cheusi mgongoni.

Ila kuna kitu kilinisumbua siku zote. Jahazi za Waarabu zilikuja na kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba mpaka Machi, zikaleta tende, mazulia na papa mkavu, zikarudi na kusi, upepo wa kusini, zimebeba boriti za mikoko. Kila chombo kilingoja upepo wake. Huyu ndege anakuja mwezi wa nane, wa tisa, kusi bado inavuma usoni mwake! Na anaondoka Aprili kusi inaanza. Yaani anakuja kinyume cha chombo na kurudi sawa na chombo. Tulikuwa tunacheka, tunasema huyu nahodha wake hakusoma.

MWALIMU WA PWANI
Shikamoo mzee. Nahodha wake anasoma kaa, hasomi upepo. Kule anazaa Aprili hadi Agosti, wakati wa joto kali, na kumbe joto lenyewe ndilo analotafuta. Sikiliza jinsi anavyozaa.

Ndege hawa huchimba mashimo mchangani, mamia pamoja, kundi zima kwenye kisiwa kimoja kitupu. Shimo linakwenda ndani mita moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi, mwisho wake kachumba. Humo yai moja tu, jeupe. Jamaa zake wa ufukweni wote wanataga mayai yenye madoa ili yafanane na kokoto, lakini yai la gizani la nini kulipaka rangi? Juu ya mchanga jua linachoma, ndani ya chumba joto linatulia kama digrii 35, karibu na lile ambalo yai linahitaji. Kwa hiyo mchanga unaatamia. Mzazi anaweza kuliacha yai zaidi ya siku mbili akaenda kula na kurudi, na yai halijapoa.

Kinda akitoka naye ni wa ajabu. Mtoto wa kitwitwi saa chache baada ya kuanguliwa anakimbia na kujitafutia. Huyu anabaki shimoni analetewa kaa mpaka aote mabawa. Ndiyo maana nasema kile nilichokiona kwenye fungu ni mwisho wa malezi yaliyoanzia Arabuni. Mtoto ameishi gizani, hajawahi kumkimbiza kaa. Shule yake ya kaa iko hapa Msimbati.

MZEE WA MIKINDANI
Marahaba. Basi nahodha kasoma kutuzidi.

MAMA CHAZA
Na mimi niseme, maana mnaongea habari za fungu na tunaoshinda kwenye fungu ni sisi wanawake. Mimi ni wa Lindi, kule Mtwara nimeolewa. Nikitoka na ndoo kutafuta chaza na pweza hao ndege wapo, hawatuogopi sana ukienda taratibu. Ukikimbia wanaruka na kubweka, eee, wanabweka kama kijibwa. Usiku wa mbalamwezi maji yakikupwa wanabweka usiku kucha, mgeni anadhani kuna mwizi.

Hatugombanii kitu. Wao wanachukua kaa wadogo wadogo wa mchangani ambao binadamu hali. Sisi kaa wetu ni yule mkubwa wa kwenye mikoko, magando yake yenyewe ni kitoweo cha watu wawili. Tena wanatusaidia: wakianza kusogea wote upande wa juu, mimi nachukua ndoo yangu, najua maji yamegeuka. Kuna mwaka mwenzetu alipuuza akabaki kwenye fungu na mkondo ukamzunguka, alitolewa na mtumbwi akiwa ameishika ndoo kichwani, chaza wote wamemwagika. Mpaka leo anaitwa Fungu.

Lakini wanasogea kwenda wapi? Zamani ile ncha ya mchanga ilikuwa yao. Sasa hivi maji yakijaa ncha inabaki kipande kidogo, na hapo hapo ndipo pikipiki zinapita.

DADA WA STELLA
Nilikuwa nasubiri hapo hapo. Nasoma mambo ya wanyamapori mwaka wa pili, kwetu ni Mtwara mjini. Mwalimu ameuliza ndege wangapi wanafanya hivyo. Wachache sana, na kundi linalofanana na hilo ni korongo hao hao mliowafukuza kwenye uzi!

Kuna njia mbili za kuhama. Moja, ramani umezaliwa nayo. Vitwitwi wengi wanaotujia kutoka Siberia wako hivyo: wazazi wanaondoka kwanza, makinda wanabaki wananenepa, kisha wanakuja wenyewe bila mtu mzima wa kuwaongoza. Oktoba 2022 ndege mmoja wa jamii ya sululu (yule mwenye mdomo mrefu, si sululu ya kuchimbia) akiwa na umri wa miezi mitano tu aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kilomita 13,560, siku 11. Miezi mitano! Binadamu wa umri huo hajui kukaa.

Njia ya pili, ramani anayo mzazi. Korongo wanaohama wanakwenda na watoto, mtoto anajifunza njia mara moja, na mwaka unaofuata anajua. Sasa fikiria wazazi wakiisha. Marekani walikuwa na korongo weupe, wale wakubwa kuliko wote kule kwao, na 1941 walibaki 21 tu porini. Baadaye wakawazalisha kwenye vizimba, lakini kinda wa kizimbani ataonyeshwa njia na nani? Wakavaa mashuka meupe wasionekane kuwa watu, wakawazoesha makinda kufuata kindege chepesi chenye injini, na kuanzia 2001 wakawa wanawaongoza kutoka Wisconsin hadi Florida, kama kilomita 1,900, wanatua njiani wiki kwa wiki. Ndege walijifunza. Waliporudi walirudi wenyewe.

KIJANA WA MAGOMENI MTWARA
Yaani watu wazima na digrii zao wamevaa shuka wanaruka na ndege. Na serikali inalipa. Mwalimu futa swali lako, hapa kwetu hatutaweza.

DADA WA STELLA
Subiri mwisho wake. Mpango ule wa kindege ulifungwa baada ya msimu wa 2015. Njia waliijua vizuri, tatizo likawa kulea. Walijenga viota, wakataga, halafu wengi wakaviacha. Sehemu moja inzi weusi wanaouma walikuwa wengi mno wakawafukuza kwenye mayai. Lakini pia waliangalia wakaona ndege aliyelelewa na mtu aliyevaa shuka hajui vizuri kazi ya kuwa mzazi. Wakageukia kuwaacha korongo wakubwa walee makinda wenyewe kabla ya kuwaachia porini. Kundi lile la asili linalokwenda Texas, ambalo halikufundishwa na mtu, sasa limepita 500.

Kwa hiyo Mwalimu, huyo mzazi aliyempa mtoto kaa mara tatu ana kitu kisichonunulika.

MKULIMA KOROSHO NEWALA
Samahani kwa kuvunja raha. Bei ya korosho mnaijua, barabara mnaijua, maji ya kisima hapa kwetu Makondeni mnayajua. Watu mnakesha kuzungumzia ndege wa Waarabu ambaye hata nyama yake hatuijui. Hifadhi hifadhi, mwisho mtasema mvuvi asitie mguu majini kwa sababu ndege anafundisha mtoto.

MWALIMU WA PWANI
Kaka yangu wa Newala, hasira yako ni halali, nami sitaki kumhamisha mtu. Eneo hili tayari liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000, kama kilomita za mraba 650, na vijiji vimo ndani humo vinaishi. Mama Chaza ameeleza vizuri: yeye na ndege wanatumia fungu moja, saa moja, hawagusani. Anayewaumiza wote wawili ni yuleyule. Mabomu ya kuvulia samaki yalipokuwa yanapigwa hapa, samaki waliisha na fungu likawa kifusi. Mikoko ikikatwa, yule kaa wa magando anakwenda nayo na mchanga unakosa wa kuushika.

Huyo ndege kwa hesabu zilizopo dunia nzima ni kati ya 60,000 na 80,000. Hayuko kwenye orodha ya hatari, na sitaki kumpandisha humo kwa maneno. Ila anazaa yai moja kwa mwaka, kwenye visiwa vichache ambavyo panya au paka mmoja aliyeshushwa na boti anaweza kuvimaliza, maana yai liko shimoni na mlango uko wazi. Kule hatuna uwezo nako.

MPITA NJIA LINDI
Mimi nafanya kazi kwenye majaruba ya chumvi, tajiri simtaji. Maji yakijaa hao ndege wako wanakuja kusimama kwenye kingo za majaruba, mguu mmoja mmoja, wote wanatazama upepo unakotoka. Tajiri aliwahi kuleta mbwa wawili wa kulinda magunia. Mbwa hawakulinda gunia hata moja, wakawa wanashinda kufukuza ndege. Wanaruka, wanazunguka, wanataka kutua, wanafukuzwa. Siku ya tatu hawakuja. Walirudi mbwa mmoja alipoumwa.

Wale wa kijivu ndio wa mwisho kuruka kila mara. Sikuwa najua ni watoto.

DADA WA STELLA
Hapo ndipo penyewe. Maji yakiwa chini ndege wametapakaa, ukimfukuza huyu anahamia pale. Maji yakijaa, hasa bamvua, wote wanabanana kwenye kipande kimoja kupumzika mpaka yatoke. Kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyokula usiku. Mwezi wa tatu na wa nne, wanapojiandaa kurudi, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta hayo ndiyo nauli.

BODA MSIMBATI
Nimesoma kimya toka juzi. Hiyo ncha ya mchanga wanaopita ni sisi. Tunapita kwa sababu mchanga wa chini umelowa ni mgumu, ule wa juu tairi linazama na abiria anashuka kusukuma, halafu anataka apunguziwe nauli. Maji yakijaa tunabaki na hiyo hiyo ncha. Mnataka tupite wapi? Angani na kindege chepesi?

MWALIMU WA PWANI
Swali la haki. Ninachoomba ni bamvua tu, na ni ile saa moja hivi maji yakiwa juu kabisa. Siku nyingine mpite. Na hata siku hizo, njia ya nyuma ya minazi ipo, ni ndefu kwa dakika kumi.

BODA MSIMBATI
Dakika ishirini ukiwa umebeba mama na ndoo ya chaza.

MAMA CHAZA
Mimi ndoo nitaishika, njia ya nyuma sawa. Lakini nauli ni ileile, usinipandishie kwa jina la ndege.

BODA MSIMBATI
Nauli ileile mama. Nitawaambia na wenzangu, siahidi wote. Kuna mmoja hapa kijiweni akiona ndege wamekaa ndiyo anaongeza mafuta, anapenda waruke apige video.

MZEE WA MIKINDANI
Huyo mleteni kwangu. Nina hadithi ya mtu aliyefukuza ndege akakosa kuona maji yamegeuka. Mama Chaza anamjua kwa jina.

MWALIMU WA PWANI
Taarifa fupi kwa waliouliza. Leo asubuhi nimeazima darubini ya jirani nikakaa chini ya mvinje kuanzia maji yanajaa. Nimewahesabu mara tatu nikapata hesabu tatu tofauti, maana mmoja akisogea wote wanasogea. Wa kijivu angalau saba. Pikipiki mbili zimepita njia ya nyuma, ya tatu ikapita ncha. Waliruka, wakazunguka mara mbili juu ya maji, wakarudi kutua palepale.

Yule mtoto wangu wa Jumamosi, kama ni yeye, amekamata kaa peke yake. Mdogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Amemwangusha mara moja. Mzazi alikuwa hatua sita pembeni anatazama, hakwenda.

KIJANA WA MAGOMENI MTWARA
Picha?

MWALIMU WA PWANI
Kokoto kumi na moja.